Waya za meno zipimwe kwa kidonda, siyo kwa sura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba waya za meno ni anasa ya watoto wa wenye nazo, na kwamba mzazi wa kipato cha kawaida anayempeleka mwanawe kuwekewa anaiga ya kwenye runinga. Mimi ni fundi cherehani hapa Usa River, Arusha, nashona sare za shule. Binti yangu wa mwisho ana waya hizo mdomoni sasa hivi, na fedha iliyozilipia imetoka kwenye cherehani. Simgombezi ndugu yetu huyo. Alichosema ndicho wanachosema wengi, na ndicho nilichojibiwa na mfuko wa bima kwa barua yenye muhuri. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Meno ya juu ya binti yangu yalitokeza tangu yalipoota ya ukubwani. Hilo kila mtu aliliona. Shuleni walimwita Sungura. Picha zake zote za darasa la nne na la tano amefumba mdomo kwa nguvu, kidevu kimejikunja, kwa sababu mdomo wa chini unalazimika kupanda sana ndiyo ukutane na wa juu. Majirani walisema akikua yatarudi yenyewe. Shangazi zake walisema mbona fulani alikuwa hivyohivyo na ameolewa. Kwa wote hao jambo lilikuwa moja tu: sura.

Yaliyokuwa ndani hakuna aliyeyaona mpaka siku daktari wa meno alipomlaza kwenye kiti, akawasha taa, akaniita. "Mama, sogea uone mwenyewe." Akaweka kioo kidogo nyuma ya meno ya juu. Kwenye kaakaa, pale panapoanza nyama laini nyuma tu ya meno ya mbele, palikuwa na vishimo vinne vyekundu vimejipanga kwa mstari. Kimoja kilikuwa kimevimba pembeni, na alipokigusa kwa pamba, pamba ilitoka na damu. Zilikuwa alama za meno yake ya chini. Meno ya chini yakikosa ya juu ya kukutana nayo yanaendelea kupanda, na mtoto akifunga mdomo yanachoma kaakaa. Anakula, yanachoma. Anameza mate, yanachoma. Akilala akakaza taya, yanachoma usiku kucha. Hapo ndipo nilipojua kwa nini alikuwa anaacha chai ipoe kabisa, na kwa nini alikuwa hataki kachumbari yenye pilipili ambayo ndugu zake wanaigombania.

Daktari akachukua rula ndogo ya chuma, akapima kutoka ukingo wa meno ya juu hadi uso wa yale ya chini. Milimita 8. Kwa kawaida, akasema, ni 2 au 3.

Mtoto wa namna hii anapata shida katika mambo ambayo mtu mwenye meno yanayokutana hayafikirii. Nyumbani kwangu watoto wote wamejifunza kukata uzi kwa meno, mkasi ukiwa mbali. Huyu hajawahi kuweza. Anauma, uzi unateleza katikati, anajaribu upande, mwisho anaufunga kidoleni na kuukata kwa kuuvuta. Muhindi wa kuchoma anaupukuchua punje moja moja kwa vidole. Embe lazima limenywe akatiwe. Nyama anaipeleka moja kwa moja kwenye magego. Anakula, ndiyo, hajafa njaa. Lakini mwombe mtu mzima yeyote ale chakula cha mchana bila meno yake ya mbele kugusana hata mara moja, kisha aniambie kama hiyo ni habari ya urembo.

Halafu akaanguka uwanjani wakicheza netiboli. Mtoto mwingine angechubuka mdomo. Huyu, kwa kuwa midomo yake haiyafuniki meno, jino lilitangulia kufika chini na kona ikakatika. Daktari hakushangaa. Alisema watafiti wa nchi nyingi wameliona hilohilo: mtoto mwenye meno yaliyotokeza yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuyavunja kuliko mwenzake.

Sasa sikiliza, Ndugu Mhariri. Mfuko wa bima, ambao sitautaja, ulilipa gharama ya kuziba jino lililovunjika. Haukuuliza swali hata moja. Dawa za kidonda cha kaakaa nazo ulilipa. Nilipopeleka maombi ya kuondoa kinachovunja jino na kinachochimba kaakaa, nilijibiwa kwa sentensi mbili: huduma ya kupanga meno ni ya urembo, haimo kwenye kitita cha mafao. Hakuna aliyemfumbua mtoto mdomo. Vipimo havikuulizwa. Neno lilikuwa "kupanga meno", na likatosha.

Mimi nashughulika na zipu kila siku. Zipu ikiwa upande mmoja umepishana na mwingine, hakuna fundi anayemwambia mteja kwamba hayo ni mapambo. Haifungi, na ukiilazimisha inakula kitambaa.

Kliniki niliyokwenda iliniambia gharama yote ni shilingi milioni 3, kulipa kidogo kidogo kadiri matibabu yanavyoendelea. Ufundi wa sare moja mimi nachukua shilingi 15,000. Hizo ni sare 200, kabla sijanunua uzi wala kulipa umeme wala kula. Msimu wa Januari unabeba sehemu, miezi mingine tunabana. Nimeweza kwa sababu nina kazi ya mkono na kwa sababu mume wangu aliuza ndama. Wapo wazazi ninaowapimia watoto wao sare ambao hawataweza hata kidogo, na ninapopitisha futi begani kwa mtoto naona mdomo wake kwa karibu kuliko mwalimu anavyouona.

Na hapa ndipo ninapokubaliana na msomaji mwenzangu kwa sehemu. Ni kweli wapo wanaovaa waya bila kuzihitaji sana. Nina mteja mmoja, mtu mwema, ambaye mwanawe alikuwa na jino moja limegeuka kidogo. Kijana anauma vizuri, anatafuna vizuri, midomo inafumba bila shida. Amewekewa waya za rangi na zimempendeza. Sina neno na hela ya mtu. Ninachosema ni kwamba tukipima kwa macho ya barabarani tunakosea pande zote mbili. Jino lililopinda mbele linaonekana hata kama halina madhara, na kidonda cha kaakaa hakionekani hata kama kinamtesa mtoto. Taya lililokaa upande, kiasi kwamba mtoto anatafunia upande mmoja na meno yanasagika, nalo ukimwona anacheka unaweza kusema ana meno mazuri. Kuna jino la chonge lililopotea njia ndani ya mfupa na linakula mizizi ya majirani zake. Hilo halionekani kabisa bila picha ya eksirei.

Nilimuuliza daktari kama hakuna njia ya kutenganisha anayehitaji na anayependa. Akaniambia ipo, na si ya jana. Mwaka 1989 Waingereza wawili, Brook na Shaw, walichapisha kipimo cha madaraja matano. Daraja la 1 hana haja ya matibabu, la 5 haja yake ni kubwa kabisa. Kinapimwa kwa rula na kwa kuangalia mdomoni: meno yametokeza milimita ngapi, yanajeruhi fizi au kaakaa, kuna jino limezuiwa lisitoke, taya linalazimika kuhama ndipo mtu afunge mdomo. Sura nayo wameipa nafasi yake, kwa picha kumi za kulinganisha, kuanzia meno yaliyopangika vizuri hadi yaliyovurugika sana. Kule Uingereza mtoto wa chini ya miaka 18 akiwa daraja la 4 au la 5 anatibiwa kwa fedha za umma. Wa daraja la 3 anaingia tu kama picha yake ni ya sita au zaidi. Aliye chini ya hapo akitaka, ajilipie. Binti yangu kwa milimita zake 8 ni daraja la 4, na kwa kidonda chake ni la 4 tena. Kumpima kulichukua muda mfupi kuliko mimi ninavyochukua kupima suruali.

Najua nitaambiwa nchi yetu haina uwezo wa kuwavisha waya watoto wote. Sawa kabisa, na wala sijaomba hivyo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 1,601 wa shule za msingi za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, na karibu theluthi mbili yao walikutwa na angalau kasoro moja ya jinsi meno yanavyokutana. Wasioridhika na meno yao walikuwa wachache kuliko hao. Maana yake kasoro ndogondogo ni hali ya kawaida ya binadamu, watu wanaishi nazo vizuri, na hazihitaji senti ya mtu. Lakini kwa sababu hiyohiyo kipimo kinahitajika zaidi kwetu kuliko kwa matajiri. Mwenye fedha kidogo ndiye anayepaswa kuchagua kwa makini nani aanze. Sisi tumechagua kwa kigezo cha mfuko wa mzazi.

Niseme kidogo kuhusu sura, maana siidharau. Msichana anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka anaumia, na mwalimu wake aliniambia alikuwa hanyooshi mkono darasani ilhali majibu anayo. Lakini uzuri wa meno kila watu wanao wao. Binti yangu ana mwanya, ameurithi kwa bibi yake mzaa baba, na siku ya kwanza kwenda kwa daktari bingwa wa kupanga meno bibi alitoa agizo moja tu: "Hayo mengine fanyeni, mwanya wa mtoto msiuguse." Nililifikisha nikidhani daktari atacheka. Hakucheka. Aliandika kwenye faili, akanieleza kwamba meno yaliyotokeza yakirudishwa nyuma mwanya huwa unajifunga, kwa hiyo atapanga mapema nafasi ya kuuacha na mwishoni ataweka kiwaya chembamba nyuma ya meno kuyashika yasisogee. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Ndiye aliyenisimulia pia habari za Edward Angle, Mmarekani aliyeyagawa matatizo haya katika makundi matatu mwaka 1899, makundi yanayotumika hadi leo. Mtu huyo alifanya kazi kubwa, ila kipimo chake cha uso mzuri kilikuwa sanamu ya Apollo, yule mungu wa Kigiriki. Midomo yetu Waafrika imejaa, na meno yetu ya mbele kwa kawaida yameelekea nje kidogo kuliko ya Wazungu. Ukimpima mtoto wa Kimeru kwa sanamu ile utamng'oa meno mazima manne ili tu midomo yake ipungue. Daktari wetu alisema kazi yake ni kufanya meno yakutane na midomo ifumbe bila kulazimishwa, basi. Naona wazazi wanaolipia wenyewe wana haki ya kuuliza swali hilo kabla jino halijang'olewa: linatoka kwa sababu ya nafasi, au kwa sababu ya picha ya mtu mwingine?

Na sisi wa huku chini ya Mlima Meru tuna letu la ziada. Maji yetu yana madini ya floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya maji huku, ukipita kata ya Maji ya Chai na kupanda juu, vilivyozidi hapo mara nyingi. Watoto wetu wanaota meno ya kahawia. Tumezoea, na mtu wa Arusha anajulikana akicheka akiwa Mwanza au Mtwara. Lakini sikujua kama linaingia kwenye habari ya waya. Vile vibati vidogo vinavyobandikwa kwenye meno, wanaviita braketi, vinashikwa na gundi, na gundi haishiki vizuri kwenye jino lililoathirika na floraidi. Za binti yangu zimebanduka tena na tena. Inabidi jino likwanguliwe kidogo, lipakwe asidi ya kuliandaa lishike gundi, kwa muda mrefu zaidi, libandikwe upya, na bingwa wa kliniki yetu anakuja Arusha mara moja tu kwa mwezi. Mabingwa wa kupanga meno nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam. Kwa hiyo braketi ikibanduka leo, jino hilo halivutwi na kitu mpaka atakapokuja. Mtu anayepanga kitita cha bima aliye ofisini ajue kwamba mtoto wa huku kwetu Arumeru atachukua muda mrefu kuliko mtoto wa Kinondoni kwa tatizo lilelile, na si uzembe wa mtoto wala wa mama yake.

Watu wananiuliza kwa nini inachukua muda wote huo, si wakaze tu mara moja. Jino limekaa ndani ya mfupa. Waya inalisukuma polepole, mfupa wa upande linakoelekea unayeyuka kidogo kidogo, na wa upande linakotoka unajengwa upya. Linasogea kama milimita moja kwa mwezi. Ukizidisha nguvu mzizi wa jino unaanza kuliwa. Mwaka mmoja na nusu hadi miwili ni kawaida, na baada ya hapo kuna kifaa cha kuvaa usiku ili meno yasirudi yalikotoka, maana yanapenda kurudi. Kabla ya waya, binti yangu alivaa kwanza kifaa cha plastiki cha vipande viwili, cha kuvaa na kuvua, kinacholazimisha taya la chini kukaa mbele kila anapofunga mdomo. Kifaa hicho kinatumia nguvu ya ukuaji wa mtoto, hivyo kina msimu wake. Kwa wasichana ni ile miaka ya kubalehe, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Ukuaji ukiisha, tatizo kubwa la taya linabaki la upasuaji: mfupa unakatwa na kufungwa kwa skrubu. Hebu linganisha gharama. Mfuko unaosubiri kwa kuogopa milioni tatu za leo unamwachia mtu mzima wa kesho operesheni ya taya, na uhakika ni kwamba hataipata.

Kukosa njia halali kunawafanya vijana watafute za mkato, na hili linanitia hofu kuliko yote. Kijana mmoja alikuja kupunguza suruali akiwa na waya mdomoni, nikafurahi kumwuliza bingwa wake ni nani. Kumbe ni za urembo, kanunua mtandaoni zikaja na gundi yake, kabandika mwenyewe mbele ya kioo. Mwingine, msichana, alikuwa amezungusha raba ndogo kwenye meno mawili ya mbele ili azibe mwanya, kwa maelekezo ya video. Ningeomba kila mzazi alisikie hili. Jino kwa juu ni jembamba kuliko kwa chini, kwa hiyo raba haikai pale ulipoiweka. Inapanda, inaingia chini ya ufizi, inafuata mzizi huku ikikata kila kinacholishika jino kwenye mfupa. Nje huoni kitu, unafikiri raba imedondoka. Kisha meno mawili mazima yanaanza kulegea, na yanaweza kutoka yote mawili. Nilimpeleka yule msichana mwenyewe kwa tabibu wa meno, nikafunga duka. Raba ilikuwa bado inaonekana, ikatolewa.

Na kuna lile la watoto wachanga kukwanguliwa fizi kwa madai ya meno ya plastiki. Bado lipo, akina mama tusidanganyane. Mtoto anaharisha au ana homa, anapelekwa kwa mtu mwenye spoki ya baiskeli au kisu, anatolewa vitu vyeupe kwenye fizi, anaambiwa kapona. Vitu hivyo ni vichipukizi vya meno yake ya chonge ya utotoni. Wengine wanapata maambukizi na kufa. Wanaopona, chonge za utotoni hazioti, na zile za ukubwani zilizokuwa zimelala chini yake zinaweza kuharibika au kuota pasipo mahali pake, na meno ya jirani yanaegemea kwenye pengo. Kisha miaka kumi baadaye mtoto huyohuyo anaitwa mwenye meno ya ovyo.

Sasa ninachoomba. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kitita cha mafao ni kitu kinachoandikwa na watu, kinaweza kuandikwa upya. Naomba maneno "kupanga meno ni urembo" yaondolewe, na badala yake fomu iwe na nafasi ya daktari kujaza vipimo: milimita, jeraha lililopo mdomoni, jino lililozuiwa, daraja. Walio daraja la 4 na la 5, wakiwa bado wanakua, wagharamiwe, hata kama ni kwa kuchangia nusu. Walio chini ya hapo wajilipie kama yule mteja wangu.

Naomba pia matabibu wa meno wa halmashauri, ambao tayari wanafika shuleni kuwafundisha watoto kupiga mswaki na kuangalia meno yaliyotoboka, waangalie watoto wa darasa la pili wakiwa wamefunga meno, siyo wamefumbua tu. "Uma, nione." Kwa umri huo, miaka saba au minane, magego ya kwanza ya ukubwani yameshaota na meno ya mbele yanaota, mwenye macho anaona kinachokuja. Wazazi wengine wataondolewa hofu bure, kwa sababu meno ya mbele ya juu ya mtoto wa miaka minane au tisa mara nyingi huachana na kutawanyika, halafu chonge zikishuka kwenye miaka kumi na moja au kumi na mbili yanajikusanya yenyewe bila waya wala senti. Na gego la utoto lililotoboka lizibwe, lisiharakishwe kung'olewa kwa kuwa "litaota lingine". Lile gego linashika nafasi. Likitoka mapema la nyuma yake linasogea mbele, na linalokuja linakosa pa kuotea.

Binti yangu bado ana waya. Kidonda cha kaakaa kimepona, kimebaki kovu. Barua yangu ya rufaa iko kwenye mfuko wa bima, nimeambatisha picha ya kaakaa aliyoipiga daktari, karatasi ya vipimo, na risiti ya lile jino lililozibwa ambalo waliligharamia wenyewe. Naomba atakayeishika aijibu kwa vipimo vilivyomo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama na fundi cherehani,
Usa River, Arusha
(Jina limehifadhiwa)